Picha Imechanika Kuanzia Hapa: kutafuta hitilafu kwenye kisimbuzi sambamba cha JPEG

Parachichi lilitoka nusu. Upande wa kushoto lilikuwa tunda la kijani lenye kovu dogo karibu na kikonyo. Kuanzia katikati kwenda kulia likawa vurugu la miraba ya zambarau na kijivu. Pikseli 16 chini yake picha ikarudi safi, kama vile hakuna lililotokea. Kijana wa chuo aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya kazi aliitazama skrini, akauliza, "Injinia, kamera imekufa?"

"Kamera ni nzima. Niambie uharibifu umeanzia wapi na umeishia wapi."

Swali hilo nimelirudia mpaka limekuwa salamu. Mashine yenyewe ni kamera nne juu ya mkanda wa kupangia parachichi, kila kamera ikitema picha za JPEG, na bodi moja ya FPGA (chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe) ya kuzisimbua zote, yaani kuzirudisha ziwe pikseli, katika karakana yetu ya mabati huku Industrial Area, Nairobi, karibu na barabara ya Lunga Lunga. Yafuatayo ni makosa tuliyokutana nayo, nimeyapanga kwa dalili. Ukijenga kitu cha jamii hii, kiwe cha JPEG, gzip (njia ya kubana mafaili) au kingine kinachotumia misimbo ya Huffman, mengi ya haya utayaona kwa macho yako. (Nasema msimbo. Kodi ni ile ya mwenye nyumba.)

Kwa nini ninauliza "wapi" kabla ya "nini"

Msimbo wa Huffman hauna urefu maalum. Alama inayojitokeza mara kwa mara hupewa biti chache, ya nadra hupewa nyingi. Ndivyo David Huffman alivyoonyesha mwaka 1952, na katika JPEG msimbo mmoja unaweza kuwa na biti 1 hadi 16. Kati ya msimbo na mwenzake hakuna nafasi wala koma. Utajua wa pili unaanzia wapi ukishausoma wa kwanza, na wa tatu ukishausoma wa pili. Sasa mtu akikwambia uweke wasomaji wanne wasome kwa pamoja, huyo wa pili aanzie wapi?

Chukua maneno haya yaliyoshikana: *mtuamekulanyama*. Ukianza mwanzo husumbuki. Mpe mwingine aanzie herufi ya pili: *tuamekulanyama*. Ataona "tua", neno halali kabisa. Atajikwaa kwenye "me". Akifika "kula" atakuwa ameshika njia tena, na "nyama" ataipata vizuri. Kisimbuzi nacho ni hivyo hivyo. Kikianza pabaya hakipigi kelele. Kinasoma vitu halali ambavyo havikuandikwa na mtu, na baada ya muda huenda kikajirudi chenyewe bila kujua kwamba kilipotea.

Ndiyo maana umbo la uharibifu ni ushahidi. Vurugu linaloanza ghafla na kuendelea hadi kituo fulani linamaanisha mpaka wa msimbo umepotea. Maumbo yakiwa sahihi ila rangi au mwangaza si wake, mipaka iko sawa na thamani ndiyo mbovu. Ukiona vipande safi vimekaa mahali pasipo pao, usimbuaji hauna kosa, tatizo ni upangaji. Mimi sifungui faili la Verilog (lugha ya kuelezea saketi) kabla sijajua niko kwenye lipi.

Kuhusu hicho "kituo": JPEG inaruhusu alama za kuanzia upya, baiti mbili, FF ikifuatwa na D0 hadi D7 (baiti hapa zinaandikwa kwa namba za msingi wa 16). Baada ya alama hiyo msomaji huanza upya kwenye baiti mpya, bila deni la nyuma. Picha zetu ni za pikseli 1920 kwa 1080, na rangi zimepunguzwa kiasi kwamba kikundi kimoja ni pikseli 16 kwa 16. Kwa hiyo safu moja ina vikundi 120, na kuna safu 68, ya mwisho nusu yake ikiwa haionekani kwa sababu 1080 haigawanyiki kwa 16. Kamera inaweka alama kila baada ya vikundi 120. Vipande 68, kimoja kwa kila safu, njia nne za kusimbua (saketi nne zinazosoma kwa pamoja), na kazi imegawanyika. Hilo parachichi lililochanika lilipona kwenye safu iliyofuata kwa sababu hiyo tu.

Daftari kwanza

Andika programu ndogo ya C inayosimbua picha ileile polepole, njia moja, na kwa kila msimbo iandike mstari: namba ya kipande, nafasi ya biti, urefu wa msimbo, alama iliyopatikana. Saketi yako nayo, ikiwa kwenye uigaji (ikiigizwa kwenye kompyuta kabla ya kuwekwa kwenye bodi), iandike mistari ya namna hiyohiyo. Kisha linganisha madaftari mawili na utafute mstari wa kwanza unaotofautiana. Wa kwanza tu. Iliyobaki baada ya hapo ni kelele.

Usilinganishe pikseli. Namba moja mbaya ndani ya mraba wa 8 kwa 8 ikipita kwenye hesabu ya kurudisha picha inasambaa kwenye pikseli zote 64, nawe utakaa hadi usiku ukihesabu miraba. Tulifanya hivyo wiki nzima. Jambo lingine: mkubaliane nafasi ya biti inahesabiwa kabla au baada ya kuondoa baiti za kujazia, la sivyo madaftari yatagombana hata pale ambapo yote mawili yana ukweli.

Dalili: picha ni nzuri, kisha vurugu hadi mwisho wa safu

Hii ndiyo ya parachichi, na ndiyo iliyotuchosha kuliko zote.

Ndani ya data za JPEG, baiti FF ni ya kuanzishia alama, kama zile za kuanzia upya. Ikitokea misimbo yenyewe ikaunda FF kwa bahati, kamera huongeza 00 baada yake, na msomaji anatakiwa kuitupa hiyo 00. Saketi yetu ilipokea neno, yaani fungu la baiti 4, kwa kila mpigo wa saa inayoiongoza, ikatafuta FF 00 ndani ya neno, ikatupa 00. Katika uigaji ilifaulu majaribio yote. Madaftari yalitofautiana hapa:

neno la kwanza: B2 4F 19 FF
neno la pili: 00 6D A3 51

FF imekaa mwisho wa neno moja, 00 yake imekaa mwanzo wa neno jingine. Saketi iliyotazama neno moja moja haikuona jozi yoyote, ikaiacha 00 ipite. Biti nane za sifuri zikaingia kwenye mkondo kama data.

Tazama kinachotokea baadaye, maana hapo ndipo utaelewa kwa nini hakuna taa nyekundu iliyowaka. Tuseme msimbo uliotangulia uliishia sawasawa na FF, na tuko katikati ya mraba wa mwangaza. Kwenye jedwali la kawaida ambalo kamera nyingi hutumia, msimbo 00 una maana "namba inayofuata ina biti moja", na biti hiyo ikiwa 0, namba ni −1. Kwa hiyo sifuri tatu ni −1. Sifuri tatu nyingine, −1 tena. Zinabaki sifuri mbili, nazo ni msimbo 00 kamili, unaochukua biti yake ya ziada kutoka kwenye 6D, ambayo kwa biti ni 01101101; ya kwanza ni 0, basi −1 ya tatu. Namba tatu za uongo, zote halali, na sasa msomaji yuko biti moja ndani ya 6D wakati alitakiwa kuwa mwanzoni mwake. Kuanzia hapo ni "tuamekula" tupu.

Dawa ni kubeba biti moja ya kumbukumbu kutoka neno hadi neno: "baiti ya mwisho ilikuwa FF". Angalia pia mambo haya kwenye saketi hiyohiyo:

Neno likitupiwa 00 linabaki na baiti 3, au 2 kama kulikuwa na jozi mbili. Hesabu ya baiti halali lazima isafiri pamoja na neno. Ukiisahau, uharibifu utafanana kabisa na ule wa kwanza, nawe utadhani dawa haikufanya kazi.

Alama ya kuanzia upya nayo inaweza kukatwa: FF huku, D3 kule. Hapo dalili inakuwa mbaya zaidi, safu mbili zinaharibika kwa pamoja, kwa sababu kipande kimoja hakikuisha na kingine hakikuanza.

Kiwango cha JPEG kinaruhusu FF zaidi ya moja kutangulia alama. FF FF D3 ni halali. Kamera zetu haziandiki hivyo, lakini tulishughulikia, kwa sababu kamera hubadilishwa na anayezibadilisha huwa hakuulizi.

Kwa nini uigaji haukuiona? Picha zetu za majaribio zilikuwa ndogo na laini, FF zake chache, na hakuna hata moja iliyoangukia baiti ya nne. Sasa tuna faili la kujaribia ambalo tumelitengeneza makusudi FF ianguke kwenye kila nafasi ya neno.

Dalili: kamera ya kwanza safi, ya pili vurugu tangu mraba wa kwanza

Hapa usiangalie data, angalia majedwali ya misimbo, ambayo kila picha huja nayo. Njia moja nzuri ya kupata urefu wa msimbo kwenye saketi ni kutumia vilinganishi 16: unachukua biti 16 zilizo mbele yako, unazilinganisha na kikomo cha juu cha kila urefu, na urefu wa kwanza ambao biti hizo hazijavuka kikomo chake ndio wako. Inaepuka jedwali la mistari 65,536. Lakini si kila picha ina misimbo ya kila urefu. Kamera ya pili haikuwa na msimbo wowote wa biti 10, programu yetu ikaruka bila kuandika chochote kwenye kikomo hicho, na kikomo cha kamera ya kwanza kikabaki kimekaa palepale kama mpangaji aliyegoma kuhama.

Andika vikomo vyote 16 kila jedwali linapobadilika, hata vya urefu usiotumika. Na usibadilishe jedwali wakati njia yoyote bado inamalizia picha iliyopita.

Dalili: maumbo sawa, rangi au mwangaza umeruka

Safu nzima imekuwa ya zambarau, lakini parachichi unaliona vizuri, hadi kovu lake. Mipaka ni mizima. Namba ya kwanza ya kila mraba, inayobeba wastani wake, haiandikwi yenyewe; inaandikwa tofauti yake na ya mraba uliotangulia wa aina hiyohiyo. Tofauti moja ikikosewa, miraba yote inayofuata inabeba kosa hilo hadi alama ya kuanzia upya, ambapo kumbukumbu inatakiwa kurudi sifuri.

Sababu tulizoziona: kumbukumbu ilirudishwa sifuri kwa mwangaza tu, zile mbili za rangi zikasahaulika, na mara moja, kwa aibu yangu, njia nne zilikuwa zinatumia rejista moja (kihifadhi kidogo cha namba ndani ya saketi) kwa sababu niliitangaza nje ya moduli. Ukiendesha njia moja peke yake na dalili ikatoweka, tafuta kitu ambacho njia zinagawana.

Dalili: safu zote safi, mpangilio mbovu

Parachichi lina kichwa tumboni. Njia iliyomaliza kwanza imeandika kwanza. Kila kipande kipewe namba yake kamili, 0 hadi 67, wakati kinapogawiwa, na namba hiyo ifuatane nacho hadi kwenye kumbukumbu ya picha. Usitegemee ile D0 hadi D7 iliyo kwenye faili: inazunguka kila baada ya nane, kwa hiyo safu ya 3 na ya 11 zina alama ileile. Itumie kuhakikisha tu.

Ukipata kijipicha kidogo badala ya picha nzima, umenasa picha ya awali ambayo kamera huficha kwenye kichwa cha faili. Hiyo nayo ni JPEG kamili yenye alama zake. Soma urefu wa kila sehemu ya kichwa na uiruke. Usitafute alama kwa kupapasa tangu baiti ya kwanza.

Dalili: mashine imesimama, haisemi kitu

Kuna kusimama kwa aina mbili, na mchoro wa mawimbi ya ishara za saketi utakutofautishia kwa dakika moja.

Aina ya kwanza: njia ina data za kutosha mbele yake lakini kiashiria cha biti hakisogei. Kipande kikiisha katikati ya baiti, kamera hujaza biti zilizobaki, hadi saba, kwa 1. Katika JPEG msimbo wa biti za 1 tupu hauruhusiwi, kwa hiyo vilinganishi vyako vinasema "urefu 0", kiashiria kinajumlishwa na 0, na saketi inasoma biti zilezile hadi stima ipotee. Njia ihesabu vikundi vyake. Ikifika 120 iache kusoma na itupe kilichobaki. Urefu 0 mahali pengine popote uwashe taa ya hitilafu.

Aina ya pili: njia inangoja data na data haziji. Hii ilitokea kwa picha kubwa tu, ndogo zilipita. Kipande cha 5 kilikuwa na urefu usiogawanyika kwa nne, kikaishia na baiti 3. Kipakiaji cha njia ya kwanza kikazishika baiti hizo tatu mkononi, kikingoja ya nne ili kijaze neno. Baiti ya nne ingetoka kwenye kipande cha 9, ambacho ndicho kinachofuata kwa njia hiyo. Lakini mgawaji, yaani saketi inayogawia njia vipande, alikuwa amekwama kwenye kipande cha 7, kwa kuwa foleni ya njia ya tatu imejaa, na imejaa kwa sababu mpangaji wa matokeo, saketi inayoyapanga kwa mfuatano, hawezi kupokea 6 wala 7 kabla ya 5. Na 5 inangoja baiti. Umewahi kuona mzunguko wa City Stadium saa kumi na moja jioni mvua ikinyesha, kila gari limeziba njia ya lile linalomziba? Ni hapo. Picha ndogo zilipona kwa sababu vipande vyake vilitosha ndani ya foleni, mgawaji akafika cha 9 na kuisukuma ile baiti bila yeyote kujua kwamba kulikuwa na tatizo.

Kijana alipendekeza turefushe foleni. Ingefanya kazi, mpaka siku tutakapopata picha kubwa zaidi. Dawa ni mgawaji kutuma ishara ya "mwisho wa kipande", na kipakiaji kikiipata kitoe neno hata likiwa halijajaa, pamoja na hesabu ya baiti halali.

Dalili: asubuhi inafanya kazi, saa nane mchana inakosea

Februari, chini ya mabati, saa nane mchana, makosa yalianza kuonekana mahali tofauti kila picha. Picha ileile ukiirudia, kosa linahamia safu nyingine. Jioni yanaisha. Kosa la mantiki halina tabia hiyo. Linatokea palepale kila mara. Tulimlaumu fundi wa stima, tukabadilisha kipooza umeme, tukanunua feni. Feni ilisaidia kidogo, na hilo lilitosha kuwa dokezo.

Tulikuwa tunaendesha saa ya megahezi 125, yaani nanosekunde 8 kwa kila mpigo. Ndani ya nanosekunde hizo njia ilitakiwa kutazama biti zilizo mbele, kupata urefu wa msimbo, kuongeza biti za ziada (msimbo wa biti 16 na ziada ya hadi 11 hufika 27), kujumlisha na kiashiria, kisha kusogeza mkondo wote, ili mpigo unaofuata uanze na msimbo unaofuata. Saketi nyingine ukiona ni ndefu unaikata vipande kwa rejista, kila kipande mpigo wake. Hii huwezi kuikata hivyo, kwa sababu ni duara: mwanzo wake unangoja mwisho wake. Ripoti ya programu ya kujengea ilikuwa imetuonya kwamba njia mbili zinachelewa kwa sehemu ndogo ya nanosekunde. Tuliisoma, tukasema ni kidogo. Silikoni ikipata joto inakawia zaidi, na kile kidogo kikawa picha mbovu.

Kilichotuokoa ni kutenganisha vitu viwili tulivyokuwa tunavifanya kwa pamoja. Ili kusogea mbele unahitaji *urefu* tu. Alama yenyewe, na thamani yake, na ishara ya kuongeza au kutoa, vyote vinaweza kufuata nyuma kwa raha, mipigo miwili au mitatu baadaye. Tulibakiza ndani ya duara vilinganishi vya urefu na jumla ndogo, mengine tukayatoa nje, na ripoti ikawa safi.

Kuna njia ya pili kwa anayetaka zaidi ya msimbo mmoja kwa mpigo: weka kisomaji cha urefu kwenye kila nafasi ya biti ya dirisha lako, zote zikisie kwa wakati mmoja "kama msimbo ungeanzia hapa, ungeishia wapi?" Kisha mnyororo mfupi unaruka kutoka jibu hadi jibu, na majibu ya nafasi zisizofikiwa yanatupwa. Inakula eneo kubwa la chipu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya kutupwa. Kwenye gzip inalipa. Kwenye JPEG, ukiwa na alama za kuanzia upya, mimi ningeongeza njia badala ya kukisia.

Dalili: njia nne, kasi haijafika hata mara mbili

Mwanzoni tulikuwa tumegawa safu kwa mafungu: njia ya kwanza safu 17 za juu, ya pili 17 zinazofuata, na kuendelea. Juu na chini ya picha ni mkanda mweusi mtupu, biti chache sana. Parachichi liko katikati. Njia mbili zilichoka, mbili zilikaa. Siku hizi tunagawa kama kwa kinyozi: kiti kikiwa wazi, mteja anayefuata anakaa. Kama hata hivyo kasi ni ndogo, mpime mgawaji mwenyewe. Ikiwa anatafuta alama kwa baiti moja kila mpigo, huwezi kuvuka baiti moja kwa mpigo hata uweke njia arobaini.

Kwa wanaofanya gzip na Zstandard

Kwenye DEFLATE, umbizo lililo ndani ya gzip, ukiona herufi za kawaida zinatoka sawa lakini sehemu zilizonakiliwa zimeharibika, angalia mpangilio wa biti. Msimbo wa Huffman huanza na biti yake kubwa, ilhali biti za ziada za urefu na umbali huanza na ndogo, ndani ya mkondo mmoja. Na ukigawa kazi kwa njia kadhaa, kumbuka kwamba nakala inaweza kurejelea hadi baiti 32,768 nyuma, mahali ambapo njia nyingine huenda haijafika. Acha pengo lenye anwani, ulijaze baadaye.

Zstandard, njia nyingine ya kubana data, mara nyingi imekutengea mikondo minne tayari, pamoja na baiti sita zinazosema urefu wa ile mitatu ya kwanza. Wa nne haujaandikwa, unaupata kwa kutoa. Kwa hiyo kama njia ya nne pekee ndiyo inayoharibika, huenda ulisahau kuzitoa zile baiti sita zenyewe. Mikondo hiyo husomwa kutoka mwisho kurudi mwanzo, kuanzia chini ya biti ya juu kabisa yenye 1 katika baiti ya mwisho.

Dalili: hakuna alama ya kuanzia upya hata moja

Kamera ya nne ilikuja tofauti na nyingine, na picha zake hazikuwa na alama. Njia moja ilifanya kazi, tatu zikalala.

Hapa ndipo tabia ile ya kujirudi inapotumika. Mwaka 2003 Klein na Wiseman walichapisha njia ya kusimbua JPEG kwa usambamba kwa kuitegemea. Kata mkondo sehemu nne popote pale, kila njia ianze kusoma ilipoangukia, hata kama ni katikati ya msimbo. Itasoma upuuzi kwa muda, kisha itashika. Njia iliyo nyuma yake inavuka mpaka na kuendelea kusoma ndani ya eneo la jirani mpaka hali zao mbili zilingane, na kuanzia hapo kazi ya jirani inakubaliwa. Ukiona zinalingana lakini picha bado ni mbovu, umelinganisha nafasi ya biti peke yake. Haitoshi. Lazima zikubaliane pia ni namba ya ngapi kati ya 64 ndani ya mraba, na ni mraba upi ndani ya kikundi, maana kikundi chetu kina minne ya mwangaza na miwili ya rangi, kila aina na jedwali lake. Wastani wa miraba nao hutaujua mpaka sehemu zote zishikamane, kwa hiyo hifadhi tofauti tu, ujumlishe mwisho.

Tulijenga hayo kwa wiki tatu, na yalifanya kazi. Siku ya kupeleka mashine kwa mteja, kijana alikuwa amekaa juu ya kreti akisoma mwongozo wa ile kamera, akaniita. "Injinia, hapa wameandika kuna rejista ya kuweka idadi ya vikundi kati ya alama. Inakuja ikiwa sifuri."

Tuliandika 120. Njia zote nne ziliamka kwenye picha iliyofuata.